Kurekebisha gego lililoharibika kwa inlei na onlei: hatua kwa hatua

Gego lilizibwa mara ya kwanza, kijazo kikatoka. Likazibwa tena, safari hii tundu likiwa pana zaidi. Mara ya tatu unatafuna kitu laini tu, unasikia mlio mdogo, na kipande cha ukuta wa upande wa ulimi kinabaki mdomoni. Hapo wengi huambiwa mambo mawili: tuzibe tena, au tuweke taji. Wachache huambiwa kwamba katikati ya hayo ipo njia ya tatu, na kwamba kwa magego mengi yaliyofikia hali hiyo ndiyo inayookoa sehemu kubwa ya jino.

Inlei na onlei ni vipande vinavyotengenezwa nje ya mdomo kwa kipimo cha jino lako, kisha vikagundishwa pale palipopungua. Gego lina vilele juu yake: gego kubwa huwa na 4 au 5, gego dogo mara nyingi 2. Inlei hukaa katikati ya vilele bila kuvifunika. Onlei hupanda juu na kufunika kilele kimoja au zaidi, hata vyote. Taji hulifunika jino lote kama kofia, na ili likae, daktari hana budi kuchonga pande zote, zikiwemo zile ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kilichochongwa hakirudi, kwa kuwa enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, haioti upya.

Kwa nini kutengeneza nje, wakati daktari anaweza kuziba moja kwa moja? Kompositi, ile resini nyeupe ya kuzibia, hunywea inapogandishwa kwa mwanga, kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Kwenye tundu dogo hilo si tatizo. Kwenye tundu pana, kunywea huko huvuta kuta za jino au huacha mwanya mwembamba pembeni, na bakteria hupita hapohapo. Kipande kilichotoka maabara kimeshamaliza kunywea kabla hakijakanyaga mdomoni. Kinachobaki kunywea ni utando mwembamba wa gundi tu.

Hatua ya 1: Hakikisha jino lako linafaa

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote, na kwa bahati mbaya ndipo panaporukwa. Onlei nzuri juu ya jino lisilofaa ni hasara tupu.

Tundu likiwa dogo, kompositi inatosha, na mtu akikushauri inlei muulize kwa nini. Upana wa tundu ukizidi theluthi moja ya umbali kati ya vilele vinavyotazamana, jino limeanza kulegea. Ukifika nusu, kuta haziwezi tena kuachwa peke yake. Wakati huo inlei yenyewe huweza kuwa adui: kila unapong'ata, hufanya kazi ya kabari kwenye gogo, ikizisukuma kuta mbili zitengane mpaka moja ipasuke. Dawa yake ni kuvifunika vilele, yaani onlei. Madaktari wengi huangalia pia unene wa ukuta uliobaki: ukiwa chini ya milimita 2 hivi, ukuta huo unapunguzwa na kufunikwa, hautegemewi usimame wenyewe.

Kisha afya ya kiini cha jino, pale penye mishipa. Daktari hugusisha kitu cha baridi kwenye jino. Maumivu yakija na kuondoka mara tu ubaridi unapoondolewa, kiini bado kina nafuu. Yakikaa nusu dakika na zaidi, au jino likiuma lenyewe usiku bila kuguswa, matibabu ya mzizi yanatangulia na onlei inafuata baadaye. Gego lililotibiwa mzizi, hasa lililopoteza kuta zake za mbele au nyuma, linahitaji vilele vyake vifunikwe. Inlei peke yake hapo ni kucheza na bahati.

Ufa nao una dalili yake. Unaweza kupewa kijiti au plastiki ndogo ung'ate kwenye kilele kimoja kimoja. Ukisikia mchomo mkali, hasa unapoachia, mara nyingi kilele hicho kina ufa chini yake. Ufa ulioishia kwenye kilele unatibika vizuri kwa onlei. Ukishuka hadi kwenye mzizi, jino hilo huenda likang'olewa hata ukiliwekea dhahabu.

Picha ya eksirei huonyesha kuoza kumeshuka wapi. Kingo za kipande zikibaki juu ya ufizi, kwenye enameli, gundi inashika vizuri kabisa. Zikizama chini ya ufizi, kazi inakuwa ngumu: unyevu na damu havitoki, na pengine daktari atalazimika kwanza kuinua sakafu ya tundu kwa kompositi, au kuupunguza ufizi kidogo.

Kuna pia mambo ya mtu mwenyewe. Anayepata matundu mapya kila mwaka anapaswa kwanza kuzima chanzo: sukari ya mara kwa mara, mswaki wa haraka, kinywa kikavu. Anayesaga meno usiku anaweza kuwekewa onlei, ila akubali kuvaa kinga ya meno alalapo. Na kwa watoto na vijana wadogo, kiini bado ni kikubwa na kiko karibu na juu, kwa hiyo kuchonga kwa kina si jambo la kukimbilia.

Hatua ya 2: Chagua malighafi

Dhahabu ndiyo ya zamani. Mwaka 1907, William H. Taggart wa Chicago alionyesha wenzake njia ya kutengeneza inlei ya dhahabu kwa kuichonga kwanza kwa nta, kuizungushia plasta isiyoungua, kuyeyusha nta itoke, kisha kumimina dhahabu kwenye nafasi iliyobaki. Njia hiyo ingali inatumika. Aloi ya dhahabu haimeguki, haihitaji unene mkubwa (milimita 1 hadi 1.5 juu ya vilele hutosha), na hailisagi jino la taya la pili linalokutana nayo. Kasoro yake inaonekana kwa macho: inang'aa. Kwa gego la mwisho ambalo hakuna anayeliona isipokuwa daktari, mimi naona watu huikataa dhahabu haraka mno.

Kauri, hasa ile ya disilikati ya lithiamu, ndiyo inayochaguliwa zaidi siku hizi. Rangi yake hufanana na jino hata ukiitazama kwa karibu, na huwezekana kuigundisha kwa nguvu kwenye enameli. Lakini inataka unene: milimita 1.5 hadi 2 pale inapobeba mzigo wa kutafuna. Ikifanywa nyembamba kuliko hapo, inavunjika. Kabla haijagundishwa ni tete. Nguvu yake kubwa huja ikishashikamana na jino.

Kompositi iliyogandishwa maabara ni rahisi kuirekebisha, laini kwa jino linalokutana nayo, na kwa kawaida ina gharama ndogo kuliko kauri. Inachakaa mapema na hupoteza mng'ao. Si mbaya kwa tundu la wastani kwenye gego dogo.

Kama una swali moja tu la kumuuliza daktari kuhusu malighafi, muulize hivi: kwa unene utakaopatikana kwenye jino langu, ipi itakaa?

Hatua ya 3: Siku ya kuchonga

Rangi huchaguliwa mwanzo kabisa, kabla ya kitu kingine chochote. Jino likikaa wazi na kukauka hugeuka jeupe zaidi kwa muda, na rangi iliyochaguliwa saa moja baadaye itakuwa ya jino ambalo si lako. Ukiona vibao vya rangi vinaletwa mwishoni, sema.

Baada ya sindano ya ganzi, kijazo cha zamani huondolewa, kisha sehemu iliyooza. Chini ya kijazo kikuukuu mara nyingi kuna zaidi ya ilivyoonekana kwenye picha, kwa hiyo usishangae daktari akisema katikati ya kazi kwamba inlei imegeuka kuwa onlei. Ni uamuzi wa kawaida, na afadhali uwe umeujadili kabla ya ganzi kuliko baada yake.

Uchongaji wenyewe una kanuni zake. Kuta za ndani hufunguka kidogo kuelekea juu ili kipande kiingie na kutoka bila kukwama. Pembe za ndani hulainishwa ziwe mviringo, kwa sababu kauri huanzia kupasuka penye kona kali. Madaktari makini huifunika dentini mbichi, yaani tabaka la jino lililo chini ya enameli, kwa gundi siku hiyohiyo, kabla ya kuchukua kipimo. Dentini iliyochongwa ina mirija midogo mingi sana, na kuiziba mapema hupunguza maumivu ya siku za kungoja kipande na huongeza mshiko wa baadaye.

Kipimo huchukuliwa kwa silikoni au kwa skana. Silikoni huwekwa kwenye kisahani, unang'ata au kutulia kwa dakika chache mpaka igande. Skana ni fimbo yenye kamera inayopita juu ya meno na kuyachora kwenye kompyuta. Zote mbili hufanya kazi. Kinachoharibu ni damu na mate kwenye kingo, kwa hiyo uzi mwembamba huingizwa kati ya jino na ufizi ili kuusogeza ufizi pembeni kabla ya kipimo. Kipimo cha meno ya taya la pili nacho huchukuliwa, pamoja na namna unavyong'ata.

Ukimaliza, unawekewa kifuniko cha muda. Hapa kuna jambo dogo la kuuliza: simenti ya muda isiwe na mafuta ya karafuu kama kipande chako kitagundishwa kwa resini, kwa sababu mafuta hayo huzuia resini kuganda sawasawa.

Hatua ya 4: Kuishi na kifuniko cha muda

Maabara huchukua wiki moja hadi mbili hivi. Tafuna upande mwingine. Epuka vitu vinavyonata. Piga mswaki kama kawaida, ufizi uliovimba utakuharibia siku ya kugundisha. Uzi wa meno tumia, ila ukishapita katikati usiuvute kwenda juu; uchomoe kwa pembeni, la sivyo utang'oa kifuniko.

Kikitoka, piga simu mapema. Meno husogea. Hata siku chache bila kifuniko zinatosha kipande kilichotengenezwa kukataa kuingia.

Zahanati nyingine hazina kipindi hiki kabisa. Mwaka 1985 huko Zurich, Werner Mörmann, daktari wa meno, na mhandisi Marco Brandestini walifanikiwa kutengeneza inlei ya kauri kando ya kiti cha mgonjwa, kwa kamera na mashine ya kuchonga. Kizazi cha sasa cha mashine hizo humaliza kazi kwa ziara moja: jino linachongwa, linaskaniwa, kipande kinachongwa kutoka kwenye kibonge cha kauri, na unaondoka nacho. Urahisi ni wa kweli. Ubora bado unategemea jicho la daktari, maana mashine huchonga kile tu ilichoonyeshwa.

Hatua ya 5: Siku ya kugundisha

Kifuniko cha muda hutolewa, jino husafishwa, na kipande hujaribiwa. Kinapaswa kukaa chenyewe bila kusukumwa, na uzi wa meno upite kati yake na jirani kwa kubana kidogo. Uzi ukipita bila kugusa, chakula kitakwama hapo kila siku. Ukikatika, pamebana mno. Kipande cha kauri usiombwe kuking'ata kwa nguvu wakati huu. Kinaweza kuvunjika kabla hakijashikiliwa na jino.

Halafu jino linatengwa. Shiti nyembamba ya mpira hutobolewa na kuvutwa juu ya jino, ikabanwa kwa kibanio, meno yakatokeza juu na ulimi pamoja na mate yakabaki chini. Watu hawaipendi, na baadhi ya madaktari huikwepa. Mimi ningeidai. Gundi ya resini haielewani na mate: tone moja kwenye enameli iliyoandaliwa linaweza kuigharimu miaka ya uhai wa kipande. Pasipowezekana kuweka mpira, pamba na mfyonza mate hutumika, lakini hapo mikono inayosaidia iwe miwili zaidi.

Yanayofuata hufanyika kwa zamu. Upande wa ndani wa kauri hupakwa asidi ya hidrofloriki, kwa sekunde 20 hivi ikiwa ni disilikati ya lithiamu, nje ya mdomo, maana asidi hiyo ni hatari. Inaoshwa, inakaushwa, inapakwa silani ili resini ipate pa kushika. Jino nalo hupakwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37 hivi. Ukibahatika kuonyeshwa kwenye kioo baada ya kuoshwa na kukaushwa, utaona enameli imepoteza mng'ao na kuwa nyeupe kama iliyopauka. Hiyo ndiyo dalili inayotakiwa: uso umejaa vishimo vidogo vitakavyopokea gundi. Msingi wake ni kazi ya Michael Buonocore ya mwaka 1955, aliyeonyesha kwamba asidi huifanya enameli ishikwe na resini. Bila hiyo onlei za kauri tunazozijua zisingesimama.

Gundi inapakwa, resini inawekwa, kipande kinashushwa taratibu. Ziada inayotokeza pembeni huondolewa ikiwa bado laini, kwa brashi na uzi, kwa sababu ikishaganda kati ya meno inatoka kwa shida na ufizi utauma miezi mingi. Mwanga humulikwa kila upande, mara nyingi sekunde 20 hadi 40. Baadhi hupaka glisirini kwenye kingo kabla ya mmuliko wa mwisho, kwa kuwa hewa huzuia tabaka la juu la resini kuganda.

Dhahabu ina njia fupi zaidi. Hukazwa kwa simenti ya kawaida, kama ya zinki fosfati au ya ionoma ya kioo, na mshiko wake mkubwa unatokana na umbo lenyewe kukaa sawasawa.

Mpira ukitolewa, karatasi ya rangi huwekwa kati ya meno, unang'ata na kusaga kushoto na kulia. Panapobaki doa zito panapunguzwa, kisha panang'arishwa. Usiharakishe hapa kwa kumwonea daktari huruma. Ganzi hudanganya mng'ato, kwa hiyo ukihisi hata kidogo kwamba upande mmoja unagusa kwanza, sema.

Hatua ya 6: Siku za mwanzo

Usile mpaka ganzi iishe, utajitafuna shavu. Baridi kuuma kidogo kwa siku kadhaa, hata wiki mbili tatu, ni jambo la kawaida na hupungua. Lisilo la kawaida ni jino kuuma ukiling'atia. Mara nyingi kipande kimekaa juu kidogo, na kupunguzwa kwake ni kazi ya dakika chache. Ushauri wa "utazoea" usiukubali: jino linalopigwa kila unapofunga mdomo huuma zaidi, au kauri hupasuka. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe, au jino kuanza kuuma lenyewe, rudi bila kungoja siku uliyopangiwa.

Hatua ya 7: Miaka inayofuata

Kauri na dhahabu haziozi. Jino lililo chini yake linaoza, na huanzia kwenye mstari ambapo kipande kinakutana na jino. Kwa hiyo mswaki mara mbili kwa siku wenye dawa ya floridi, na uzi wa meno kila jioni, hasa mahali hapo. Daktari apitishe ncha ya kifaa chake kwenye mstari huo kila ukaguzi, na picha ya eksirei ipigwe kila baada ya muda anaouona unafaa.

Ukitaka kung'arisha meno, fanya hivyo kabla ya kuchagua rangi ya kauri na ungoje wiki mbili hivi. Dawa ya kung'arisha haibadilishi kauri wala kompositi, na onlei yako itabaki na rangi ya zamani huku jirani zake zikiwa nyeupe.

Tafiti zilizofuatilia inlei na onlei za kauri zinaonyesha kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 5. Zinazoshindwa, kauri kuvunjika ndiyo sababu ya kwanza. Kuoza pembeni, kiini kuumia na kipande kung'oka hufuata.

Kikitoka kizima, kiokote, kioshe kwa maji, kiweke kwenye kichupa safi chenye kifuniko. Usikirudishe kwa gundi ya nyumbani ya aina yoyote. Huunguza ufizi, na uso ambao daktari angeweza kuusafisha na kuugundisha tena huwa umeharibika. Kama jino chini yake halijaoza na kingo hazijamegeka, kipande hichohicho mara nyingi hurudishwa siku hiyo. Mpaka ufike, tafuna upande wa pili na uendelee kupiga mswaki hata pale palipo wazi, kwa taratibu.